Ndugu Mhariri, ile tiki hakuiweka mteja

Ndugu Mhariri,

Naomba kijinafasi kwenye gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu programu za bure zinazoingia kwenye kompyuta na wenzao wasioalikwa, na hapohapo nikiri kosa langu mwenyewe maana nitakuwa mnafiki nikilaumu watu halafu mimi nikajiruka. Nina steshenari hapa Msamvu, Morogoro, si mbali na stendi. Natoa kopi, nachapa, najazia watu fomu za ajira na za mikopo ya chuo, na jioni wateja wakipungua natengeneza kompyuta. Cheti cha ufundi sina, nimejifunzia kazini, kwa hiyo ukiniita kishoka sitakasirika sana.

Kilichonifanya niandike ni kijana ninayemfundisha kazi hapa dukani. Wiki iliyopita nimemkuta na laptopu ya mteja anaweka programu ya bure ya kugeuza PDF kuwa Word, mkono mmoja kwenye mausi mwingine kwenye simu anachati, anabofya neksti, neksti, nakubali, neksti, finishi, macho hayapo hata kwenye kioo. Alipomaliza kwenye deskitopu kulikuwa na brauza mpya ambayo hakuna aliyeiagiza, na ile ya zamani imeshahamishiwa ukurasa wa mbele. Nikamuuliza hii imetoka wapi, akaniambia "bosi, hiyo inakujaga yenyewe." Nilitaka kumgombeza nikashindwa, kwa sababu mimi nilifanya hivohivo zamani na kilichonifumbua macho ni aibu.

Ilikuwa 2014. Aliingia madam mmoja wa sekondari kabeba laptopu yake kwenye mfuko wa rambo. Nikamwambia shikamoo madam, akaitikia marahaba lakini ile marahaba ya uso umekunjwa, akaibwaga mashine kaunta. "Kijana, we uliniwekea nini humu ndani?" Kumbe katoka kwenye kikao cha wazazi, alikuwa kachomeka projekta anataka kuwaonyesha matokeo ya watoto, kafungua intaneti mara ukurasa mwingine ukajifungua wenyewe, pale ukutani, ukubwa wa kitanda, mwanamke hana nguo za kutosha na maandishi ya kiingereza kwamba kuna wasichana karibu yako wanataka kuongea na wewe. Mbele ya wazazi, na mbele ya mkuu wa shule. Alihangaika kuufunga, kila akifunga mmoja unafunguka mwingine, mpaka mzazi mmoja akainuka akachomoa waya wa projekta.

Nikaiwasha. Brauza ilipofunguka juu kulikuwa na tulba tatu, yaani ile mistari ya vitufe inayojipachika juu ya brauza, zimepandana kama mabati, moja ya kutafutia, moja ya hali ya hewa inayotangaza theluji ya mji sijui gani wa Marekani, moja ya vikatuni vinavyokonyeza jicho. Ukurasa wenyewe aliotaka kuusoma umebakiziwa nusu ya kioo. Ukiandika neno la kutafuta hufikishwi Google, unapelekwa kwenye kitu kilichojivika sura ya Google chenye matangazo sita kabla hujaona jibu la kwanza. Na madam analalamika pia bando la wiki linaisha siku mbili, akadhani mtandao wa simu unamwibia, kumbe kila ukurasa anaofungua unashusha na yale mapicha asiyoyataka, MB zake ndo zinalipia.

Basi nikaingia kwenye kontroo paneli nikang'oa yote, nikarudisha ukurasa wa mbele, nikamwambia madam kazi imeisha. Akaondoka bila kunilipa na sikumdai. Baada ya siku mbili karudi. Yote yamerudi, tulba zote tatu na theluji yake.

Hapo ndo nikakaa chini kama mtu. Nikabofya kulia kwenye ikoni ya brauza pale deskitopu, nikafungua propetisi, nikakuta kwenye ule mstari unaoonyesha programu ilipo mtu kapachika anwani ya tovuti mkiani, yaani hata ubadilishe ukurasa wa mbele mara mia, ukibofya ile ikoni unapelekwa anakotaka yeye. Nikaendelea kuchimba nikakuta kwenye ratiba ya Windows kuna kazi imepangwa, kila mashine ikiwaka kitu kinaamka kwanza, kinakagua kama kuna mwenzake aliyeng'olewa, kinamrudisha. Na hicho kitu kimejiita "mlinzi" kwa kiingereza, kwamba kinalinda mipangilio yako ya kutafuta! Mwizi kavaa yunifomu ya sungusungu.

Sasa swali likawa, yameingiaje? Madam hashushi kitu, modemu yake anaiwekea hela ya barua pepe tu. Mtu wa mwisho kuweka programu kwenye ile mashine ni mimi, nilimpigia windo, yaani nilimwekea Windows upya, mwezi wa tatu mwaka huohuo.

Mhariri, kila fundi wa mtaani ana flashi yake ya setapu, yale mafaili ya kuwekea programu. Yangu ilikuwa nyekundu, GB 8, ndani kuna ya kuchezea video, ya kusomea PDF, ya kufungulia mafaili yaliyobanwa, ya kuchomea sidii, ya kugeuza video kuwa MP3, na moja ya "kuongeza spidi ya kompyuta" ambayo leo nikiikumbuka naona haya. Ukileta mashine nakupigia windo, nachomeka flashi, neksti neksti mpaka mwisho, buku tano mfukoni, mteja anayefuata. Hizo setapu nilizishusha usiku mmoja kwenye tovuti moja yenye vitufe vikubwa vya kijani, vitufe vinne ukurasa mmoja na wa kweli ni ule mdogo kuliko wote.

Usiku ule nikachukua mashine moja mbovu, nikaipigia windo safi, nikachomeka ile flashi na kwa mara ya kwanza maishani nikasoma kila dirisha. Nilisoma taratibu kama mtu anayesoma hati ya kiwanja. Dirisha la kwanza la ile ya video lilikuwa na njia mbili, moja imeandikwa kwa wino mweusi "ya haraka, inapendekezwa", ya pili kwa rangi ya majivu "ya wataalamu". Ukichagua ya haraka huoni kinachowekwa. Ukichagua ya wataalamu ndo unakuta chini kabisa visanduku vitatu, tiki zimeshawekwa, kimoja kinasema nakubali tulba, kingine nakubali ukurasa wa mbele ubadilishwe, cha tatu nakubali injini ya kutafutia. Dirisha la tatu lilikuwa zuri zaidi, lina kitufe cha nakubali na cha nakataa, ila cha nakataa kimepauka kama kitufe kilichokufa, unadhani hakibonyezeki. Kinabonyezeka! Programu sita za bure zikanizalia vitu kumi na moja, na mimi niliagiza sita tu. Ni kama umemkaribisha mgeni mmoja chakula cha mchana, kaja na ukoo mzima, na shemeji yake ameshaanza kukuhamishia vyombo vya jikoni.

Nikapiga hesabu ya watu niliowapigia windo tangu nifungue duka 2013. Nilishindwa kulala.

Baadaye nikaanza kufuatilia hii biashara inaendaje, maana nilijua hakuna mtu anayehangaika hivo bila hela. Inaenda hivi. Kuna mwenye programu ya bure anayetafuta hela, kuna mwenye tulba au brauza anayetafuta watu, na katikati kuna dalali anayemtengenezea mwenye programu ile setapu yenye visanduku. Kila tulba ikiingia kwenye mashine dalali analipwa kwa kichwa. Google na Chuo Kikuu cha New York waliwachunguza hao madalali na 2016 wakatoa matokeo, bei ilikuwa kati ya senti 10 na dola 1.50 ya Marekani kwa kila uwekaji mmoja, mashine ya Marekani ndo ya bei juu. Na Google wakasema mfumo wao ulikuwa unaona majaribio zaidi ya milioni 60 kila wiki ya kushusha hizi takataka, karibu mara tatu ya vairasi wenyewe tunaowaogopa. Kilichonichosha kabisa ni hiki, baadhi ya hizo setapu kabla ya kukuonyesha chochote zinachungulia kwanza una antivairasi gani, wakiona ya mashine yako ni kali kuhusu mzigo fulani wanakupa mzigo mwingine. Yaani mtu anapanga ofa kwa kuangalia mbwa wako anabweka au kalala.

Usidhani ni vikampuni vya uchochoroni tu. Oracle, wenye Java, ile programu inayosaidia programu nyingine kufanya kazi, kwa miaka walikuwa wanafungasha tulba ya Ask, tovuti ya kutafutia, kwenye setapu yao, tiki imeshawekwa, na sio mara moja, kila ukiletewa sasisho la usalama tiki inarudi palepale. Yaani mtu anaambiwa sasisha usije ukaingiliwa na wezi, akisasisha anaingizwa tulba. Na mapema 2013 waandishi wa mambo ya kompyuta wakagundua kwamba ile tulba ilikuwa inasubiri dakika kama 10 baada ya Java kumaliza kuwekwa ndo na yenyewe inaingia. Fundi mzima unamaliza kazi, unakagua hamna kitu, unampa mteja mashine yake na hela unapokea, akifika kituo cha daladala ndo inaamka. SourceForge nako, tovuti ya kushushia programu, mahali ambapo watu wa programu huria walikuwa wanapaamini kama msikiti, 2013 wakaanza mpango wa kufungasha matangazo kwenye setapu, watu wa GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, wakahama kwa hasira, 2015 ikaonekana ile GIMP ya Windows iliyoachwa kule imevalishwa setapu ya matangazo bila wenyewe kupenda. Walibadilisha wamiliki 2016 na wapya ndo wakaufuta ule mpango.

Na ukisema basi mi sishushi kitu, nanunua laptopu mpya kwenye boksi, ngoja nikwambie ya Lenovo. Kuanzia Septemba 2014 baadhi ya laptopu zao ziliuzwa na kitu kinaitwa Superfish kimeshawekwa kiwandani, kazi yake kupachika matangazo kwenye kurasa unazotembelea. Ili kiweze kupachika hata kwenye kurasa zenye kufuli, zile za benki na barua pepe, kikajifanya chenyewe ndo mtoa vyeti anayeaminika kwenye mashine yako, yule anayethibitisha kwamba tovuti ni ya kweli, na ufunguo wake ulikuwa mmoja kwa mashine zote. Februari 2015 mtaalamu mmoja aliupata ule ufunguo siku hiyohiyo habari ilipolipuka, neno la siri lilikuwa jina la kampuni iliyotengeneza ule mtambo wa ndani, basi. Maana yake jambazi yeyote anayetumia waifai moja na wewe angeweza kujifanya benki yako na mashine ikaitikia marahaba. Kesi ilimalizwa Marekani 2017, Lenovo wakalipa dola milioni 3.5 kwa majimbo 32. Sisi huku kama zilifika, zilifika kimyakimya.

Siku hizi tulba zimepungua, nakubali, ukisema tulba kijana wangu wa dukani hata hajui nazungumzia nini. Zimebadili nguo tu. Sasa hivi ni ekstensheni, vile vinyongeza vya kwenye brauza, na ujanja wake ni mbaya zaidi kwa sababu unaweka kitu kizuri leo halafu kinauzwa kikiwa ndani ya nyumba yako. The Great Suspender ilikuwa ya kupumzisha tabu, yaani kurasa ulizoziacha wazi kwenye brauza, zisile RAM, watu zaidi ya milioni mbili wanaitumia, mimi mwenyewe niliwawekea wateja wenye mashine za RAM 2 GB nikijisifu. 2020 mwenyewe akaiuza kwa mtu asiyejulikana, Februari 2021 Google wakaifuta wakisema ina kirusi. Mwenye mashine hakubofya chochote. Nyumba ilikuwa ileile na kufuli lilelile, mlinzi wa getini ndo kabadilishwa usiku. Halafu kuna hizi za "bonyeza Ruhusu kuthibitisha wewe si roboti", mtu anataka kuangalia mpira bure anabonyeza, kuanzia hapo kona ya kioo inamletea matangazo ya kamari na ya dawa za nguvu hata brauza ikiwa imefungwa. Hii naiona karibu kila wiki, na kwenye simu ndo usiseme.

Sasa hoja yangu. Nina jirani yangu fundi, mtu wa maneno mengi, tukibishana ananiambia "we unawaonea tu, si imeandikwa pale? Si walikubali wenyewe? Mtu asome kabla hajabofya." Nimelifikiria sana hili jibu, na naona lina tobo kubwa. Nani alikubali? Tiki iliwekwa na kampuni kabla setapu haijatoka kwao. Neksti niliibofya mimi fundi, nawahi mteja mwingine. Madam mwenye mashine, ambaye ndo jina lake na MB zake na aibu yake, alikuwa darasani anafundisha, hata kile kisanduku hajawahi kukiona mpaka leo. Kwa hiyo hapo kuna watu wawili waliokubali kwa niaba ya mtu wa tatu ambaye hajaulizwa. Kwa mtindo huu ndoa ngapi zingefungwa Morogoro hii! Na hata angekuwepo, kile kisanduku kimeandikwa kiingereza cha mawakili kwa herufi za ukubwa wa sisimizi, wangapi wangekielewa?

Wenzetu wa Ulaya walishalimaliza hili. Tarehe 1 Oktoba 2019 mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya kampuni ya Kijerumani inaitwa Planet49, iliyokuwa inaendesha bahati nasibu mtandaoni na kwenye fomu imeweka kisanduku chenye tiki tayari cha kukubali kufuatiliwa kwa vidakuzi, vile vifaili ambavyo tovuti inaviacha kwenye mashine yako. Mahakama ikasema tiki uliyokuta imewekwa sio ridhaa, ridhaa ni mtu mwenyewe atende. Mambo ya vidakuzi na mambo ya tulba ni mbalimbali, najua, lakini tiki ni tiki.

Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kufanya kazi Mei 2023, na tuna Tume yake. Mimi sio mwanasheria na sitaki kujifanya, ombi langu kwa Tume ni dogo, watuandikie karatasi moja kwa Kiswahili cha kawaida, ya kubandika kwenye maduka kama langu, inayosema tiki iliyokutwa imewekwa haihesabiki, na kwamba fundi haruhusiwi kukubali kitu kwa niaba ya mteja bila kumuuliza. Hilo la pili linanibana mimi mwenyewe na najua mafundi wenzangu watanichukia. Wachukie. Mteja anapokukabidhi laptopu yake na neno la siri kwenye kikaratasi amekukabidhi ufunguo wa nyumba, na wewe unakaribisha wapangaji.

Na nyie watu wa magazeti pia, Mhariri, samahani kidogo, ukurasa wenu wa teknolojia ni simu mpya na simu mpya. Siku moja andikeni jinsi ya kusoma setapu. Andikeni kwamba kitu cha bure kishushwe kwa mwenyewe aliyekitengeneza, VLC ya kuchezea video kwa VideoLAN wenyewe na sio kwa ndugu wa kambo mwenye vitufe vya kijani, kwamba "ya haraka" isichaguliwe, kwamba kuna AdwCleaner ya kusafishia mashine iliyokwisha kuchafuka na haina malipo, na kwamba ukisafisha ukakuta kitu kimerudi kesho yake uangalie mkia wa ikoni na ratiba ya Windows kabla hujamlipa mtu apige windo upya. Mimi hayo ningeyajua 2013 nisingekuwa na deni na watu.

Maana deni ninalo. Madam nilimsafishia mashine siku tatu nzima na nilimwambia ukweli kwamba ni flashi yangu. Alinyamaza muda mrefu akiniangalia, halafu akasema "basi mwanangu, uende na shuleni ukawaeleze hivohivo." Nilienda. Niliongea mbele ya walimu wenzake, mkuu wa shule yupo, nikaeleza kuhusu tiki na kitufe kilichopauka, nilitoka jasho kuliko siku nilipoenda kujitambulisha ukweni. Kuanzia siku hiyo wakanipa kazi ya kompyuta zote za shule, nadhani walinihurumia.

Wengine sikuwapata. Kwa hiyo naomba gazeti lako linisaidie hapa: wewe uliyepigiwa windo steshenari ya Msamvu kati ya 2013 na 2014 na kijana mwenye flashi nyekundu, kama ile mashine bado inawaka, ilete, sitachukua hata shilingi. Flashi yenyewe nimeitoboa nikaining'iniza kwenye msumari juu ya mashine ya kopi. Wateja wanadhani ni hirizi ya biashara.

Ni mimi msomaji wako,
Fundi wa Msamvu,
Morogoro.